Saini ya Bi Povu

Ofisi ya Masoko, ghorofa ya tatu
4 Februari

Kwa Mwandishi wa Chumba cha Barua,

Natumaini umeshapoa baada ya kikao cha jana. Nakuandikia ili yale tuliyozungumza yawe kwenye karatasi, maana ulitoka kabla sijamaliza.

Kuanzia Jumatatu, wateja wanaomwandikia Bi Povu watajibiwa na ule mtambo wa akili mnemba ambao huko chini mmeshaubatiza jina la Mwenzetu. Umesomeshwa majibu yako yote tangu ulipoanza kuwa Bi Povu. Unajua unavyoanza, unavyotania, unavyomwita kila mwanamke "mdogo wangu", unavyozunguka kwenye matatizo ya watu na bado ukarudi kwenye sabuni. Nimesoma majibu yake ya majaribio na, niwie radhi, nilicheka mahali palepale ambapo huwa nachekea barua zako.

Wenzako wa Chumba cha Barua ama wamehamishwa ama mikataba yao imeisha. Wewe tumekubakiza kwa sababu ya saini. Mteja huitunza barua yetu kabatini kwa kuwa imesainiwa kwa wino, na mtu. Mtambo hauna mkono, na tukipiga muhuri watu watajua.

Barua zitakufikia asubuhi zikiwa zimepangwa kwa ngazi, moja juu ya nyingine, ukionekana ukanda wa chini tu, ili uende haraka. Huna haja ya kusoma. Naomba usisome kabisa, maana kwenye majaribio ulisoma na ukaanza kusahihisha, tukachelewa posta.

Nakukumbusha pia kifungu kipya cha mkataba: mteja haambiwi nani wala nini kimemwandikia. Bi Povu ni Bi Povu.

Wako katika kazi,
Meneja Masoko


Chumba cha Barua
5 Februari

Meneja,

Kwanza, sikutoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu ulikuwa umeanza kuonyesha grafu.

Pili, watu hawaniandikii kuhusu sabuni. Wanaanza na doa la chai kwenye kitambaa cha meza, ukigeuza ukurasa unakutana na mume, mkwe, mtoto aliyeacha shule. Doa ni kubisha hodi tu. Huyo Mwenzetu anajua nilichowajibu watu, lakini hajui ni mara ngapi niliandika nikachana, wala yule mama niliyempigia simu kwa sababu barua yake ilinitisha. Hayo hayamo kwenye mafaili mliyomlisha.

Naomba jambo dogo. Zile barua zenye ukurasa wa pili, niachiwe nizisome.

Bi Povu (yule wa zamani)

Nyongeza, mchana: Nimepata jibu lako la neno moja, hapana. Sawa. Nimetafuta kazi nyingine tangu mwaka jana na kila nilipopiga hodi nimemkuta Mwenzetu ameshakaa kwenye kiti. Nitasaini.


Nyuma ya Shule
2 Machi

Kwa Bi Povu wa Kiwanda cha Sabuni,

Salamu nyingi. Mimi ni mteja wako, fundi cherehani. Anwani yako nimeitoa kwenye karatasi ya kipande cha sabuni, nayo ililowana, kwa hiyo barua hii ikipotea lawama ni ya wino wenu.

Swali langu ni la mafuta ya cherehani. Nimeshona sare nyeupe za shule, na shati moja limedondokewa mafuta kifuani, mahali ambapo hata mwalimu asiye na miwani ataona. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka. Nifanyeje?

Hilo ndilo swali. Sasa lingine, kama una nafasi.

Nina dada yangu mkubwa, tumezaliwa wawili tu. Hatuongei tangu tulipogombana kuhusu Mama. Mama macho yamefifia, anaona mwanga na vivuli basi. Dada alitaka amchukue wakakae wote mjini, ghorofani kwake. Mimi nikamwambia hapa Mama anajua kila kizingiti na kila msumari, huko utakwenda kumweka kabatini. Hilo neno kabati lilimchoma. Akasema basi tusimtafute tukiwa na shida, akanifungia simu. Mama akipiga anapokelewa, nikipiga mimi nasikia mlio mmoja na kimya.

Kinachonichekesha ni kwamba kazi ya dada yangu ni kujibu barua za watu. Simu ya mdogo wake anaweza kuifunga, lakini barua ya mteja lazima aijibu. Wewe ungekuwa yeye, ungejibu?

Mteja wako,
Fundi Cherehani


Kiwanda cha Sabuni
9 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Kaa kitako kwanza, na hilo shati liweke pembeni kabla hujalitoboa. Mafuta ya cherehani hayataki ugomvi. Yapanguse kwa kitambaa kikavu, mwagia poda ya mtoto, iache inyonye kwa muda wa kunywa chai, halafu paka sabuni yetu ikiwa kavu juu ya doa lenyewe. Maji ya uvuguvugu yaje mwisho. Ukitanguliza maji utakuwa umelifundisha doa kutembea.

Sasa tuje kwenye la pili, ambalo najua ndilo la kwanza. Ningejibu, mdogo wangu. Dada akifunga simu hajafunga moyo, amekasirika tu na hajui aanzie wapi. Ningekuwa yeye ningekuwa nimeshakusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na ningeona haya kwamba wewe mdogo ndiye umetangulia kuandika.

Na wewe, umekula leo? Watu wa cherehani huwa mnajisahau mpaka jua linazama. Kula, kisha niandikie tena. Usiniache na wasiwasi.

Wako daima,
Bi Povu


Nyuma ya Shule
17 Machi

Bi Povu (nitaendelea kukuita hivyo, najua hapo ofisini pana macho),

Shati limetakata. Asante.

Bahasha ilipofika sikuanza kusoma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye saini. Ule mkia wa herufi ya mwisho unaorudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, nimeujua tangu niko darasa la tatu. Ndio mkono uliokuwa unasaini ripoti zangu za shule Baba akiwa safarini. Nikakaa chini palepale kwenye vitambaa vya watu. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia pini imenichoma.

Kwa vile umesema nikuandikie, basi nakuandikia, maana hapa sina wa kumwambia. Nina uvimbe shingoni, upande wa kushoto. Nimeuficha kwa kola na mitandio tangu mwaka jana. Sasa nikilala chali pumzi inakuwa nyembamba. Daktari amesema utolewe upesi, usiachwe ukaibana njia ya hewa. Amenipa nafasi mara mbili na mara zote mbili nimemwambia nitarudi wiki ijayo.

Siogopi kisu, au niseme siogopi sana. Naogopa kumwacha Mama. Hajui kitu. Nikilazwa, nani atamwambia maziwa yamechemka, nani atamshika mkono pale kizingiti cha bafu kilipovunjika? Na nikienda nisirudi, itakuwaje? Jirani ni mwema, ila ana mzee wake wa kumuuguza.

Sema neno moja na mimi nitakwenda. Ukisema huwezi sitakulaumu, nitaendelea na mitandio yangu.

Pini wako


Kiwanda cha Sabuni
24 Machi

Mdogo wangu Pini,

Barua yako nimeisoma nikasimama, nikaisoma tena. Yaani umebeba mzigo huo shingoni na bado unashonea watoto wa wenzako sare? Una moyo wewe, lakini moyo haupumui.

Nenda katibiwe. Mwambie daktari ndiyo, na safari hii usimpe wiki ijayo. Mama hatabaki peke yake. Mimi nipo. Siku hiyo nitakuwa hapo na nitamshika mkono kwenye kila kizingiti, wewe ulale ukijua kuna mtu nyumbani. Nakuahidi, na unajua nikiahidi sirudi nyuma.

Umekula leo? Kula vizuri kabla ya kulazwa, unahitaji damu. Na zile nguo utakazorudi nazo kutoka hospitali, usizitie kwenye maji ya moto. Damu inataka maji ya baridi kwanza, kisha sabuni yetu, kisha jua.

Wako daima,
Bi Povu


Ofisi ya Masoko
9 Aprili

Kwa Mwandishi,

Leo nakuletea habari za kufurahisha. Tangazo la mwaka huu litaitwa "Bi Povu Anajibu", nalo litajengwa juu ya barua za kweli. Mtambo umepitia barua zote na kuchagua ile inayogusa zaidi: fundi cherehani mmoja na Bi Povu, barua nne, sabuni imetajwa katika kila jibu bila kulazimishwa. Hapa juu watu wametoa vitambaa kufuta machozi, mimi nikiwemo.

Nakuambatishia nakala. Naomba uipitie lugha tu, kisha umwandikie mteja kwa mkono wako kuomba ridhaa yake. Atakuwa ametibiwa tayari, kwa hiyo hadithi itakuwa na mwisho mzuri.

Meneja Masoko


Chumba cha Barua
9 Aprili, palepale

Meneja,

Fundi cherehani huyo ni mdogo wangu. Tumbo moja. Mama huyo asiyeona ni mama yangu.

Nimesoma barua zake mbili na mbili za kwetu nikiwa nimesimama mlangoni na mhudumu aliyezileta, sijafika hata kwenye kiti. Mmemwambia mdogo wangu aende akapasuliwe kwa sababu mimi nitakuwepo. Mimi sikuwa najua ana uvimbe. Mimi nilikuwa chini huku nakunywa chai na kusaini ngazi.

Na saini ni yangu. Nimeitazama kwa muda mrefu nikitafuta mahali pa kusema si yangu, sikupata.

Najibu yale unayoyataka. Ridhaa: hapana. Lugha: haina kosa, na hilo ndilo linaloniumiza. "Moyo haupumui" nisingeweza kuiandika vizuri zaidi. Ila mimi nisingemwahidi. Ningempigia simu nimtukane kwanza kwa kunificha, halafu ningetafuta basi.

Nataka mawili leo. Nataka kila barua iliyotoka kwake ambayo bado iko kwenye masanduku huko juu, hata kama Mwenzetu hajaijibu. Na nataka ruhusa kuanzia kesho.

Mwandishi


Ofisi ya Masoko
10 Aprili

Mwandishi,

Nimesikitika, na nasema kweli. Sikujua. Hakuna aliyejua, na naona hapo ndipo penye tatizo.

Lakini nisikilize. Ukimwambia mdogo wako kwamba barua zile si zako, umevunja mkataba, na mwanasheria wetu si mtu wa kuombwa. Ukimwambia sasa hivi, pia, yeye mwenyewe atafanya nini? Umesoma barua zake. Atamrudishia daktari ile wiki ijayo yake. Fikiria hilo kabla hujashika simu.

Kuhusu ruhusa: tangazo linazinduliwa Jumatatu tarehe 14 mbele ya wakurugenzi, na wametaka wamwone "mkono wa Bi Povu" ukisaini jukwaani. Siwezi kukuachia wiki hii. Baada ya hapo chukua siku unazotaka. Nitawaambia watumie barua ya mteja mwingine.

Hili libaki kati yetu. Ripoti yangu ya mwezi sasa inaandikwa na Mwenzetu. Inaletwa mezani kwangu ikiwa tayari, nzuri kuliko nilizokuwa naandika, na ninachobakiwa nacho ni kuweka saini. Kwa hiyo usidhani huku juu kuna mtu anayekucheka.

Barua uliyoomba imo ndani ya bahasha hii. Ilifika jana na haijajibiwa.

Meneja


Nyuma ya Shule
7 Aprili

Dada,

Leo sitaki mambo ya Bi Povu. Nimemwambia daktari ndiyo.

Nalazwa Jumapili asubuhi, tarehe 13, hospitali ya wilaya, na upasuaji ni Jumatatu. Mama nimemwambia nakwenda kupeleka sare shule ya bweni na nitalala huko. Ameniamini, au amejifanya. Jirani atakaa naye Jumapili mpaka jioni, zaidi ya hapo hawezi kwa ajili ya mzee wake. Ufunguo uko palepale pa siku zote, chini ya ndoo ya bluu. Jiko la gesi linavuja kidogo kwenye mpira, funga mtungi kila ukimaliza, hata kama unarudi sasa hivi. Mama hasikii harufu kama zamani. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko kisu.

Kama ulisema tu ili nipate moyo, niambie kabla ya Jumapili. Nitaelewa. Nisipopata neno, nitajua unakuja.

Pini


Chumba cha Barua
11 Aprili

Meneja,

Naondoka na basi la alfajiri Jumapili. Sijaomba, nakujulisha.

Barua za leo nimezisoma zote. Tisa nimezisaini. Zilizobaki nimeandika pembeni kwa penseli kwa nini sikusaini. Yule bibi wa shuka za manjano hazungumzii shuka, tafadhali mtu mwenye masikio ampigie. Namba yake ipo kwenye bahasha.

Kwenye jukwaa lenu wekeni kalamu peke yake, watu watapiga makofi vilevile.

Mwandishi


Hospitali ya wilaya, benchi la nje ya chumba cha upasuaji
14 Aprili

Pini,

Hii utapewa na muuguzi ukizinduka. Nimeamua kuandika kwa sababu tukionana uso kwa uso nitaanza na ukali, na nyuzi zako bado mbichi.

Mama yuko hapa pembeni yangu, ameshika mkoba wangu kana kwamba ndio utakaokimbia. Ndiyo, anajua. Jana nilipoingia alitambua hatua zangu kabla sijasema hodi, akauliza, "Pini anaumwa nini mpaka wewe umekuja?" Ningemdanganyaje? Amelia kidogo, halafu akasema kola zako zilikuwa zimemshangaza, maana kila alipokukumbatia alikutana na kitambaa. Mtungi nimefunga. Mpira nimenunua mpya, nimeukaza mwenyewe, na Mama amenisimamia kwa kusikiliza.

Sasa lile lililonileta kwenye karatasi hii.

Barua mbili ulizopata sikuziandika mimi. Ofisini tumeletewa mtambo unaoandika kama mimi. Umekula maneno yangu ya miaka yote na sasa unayatoa moto moto kwa yeyote anayeandika. Kila mwanamke ni mdogo wake. Kila mtu unamsamehe, kila mtu unamuuliza kama amekula. Mimi kazi yangu imebaki kusaini, na zinaletwa zimepangwa hivi kwamba sioni kilichoandikwa. Nilisaini ahadi ya kuja kumshika mama yangu mkono nikidhani ni jibu la mtu wa madoa ya kutu.

Nimejua Jumatano iliyopita. Nikafungua namba yako, nikapiga, ukasema "haloo", nikakata. Kama ningefungua mdomo ningesema ukweli, nawe ungevua nguo za hospitali urudi kwenye cherehani yako. Nimekuacha uingie humo ndani ukiamini kitu ambacho hakikuwa kweli siku ulipokisoma. Niliona afadhali unichukie ukiwa unapumua.

Kuandika haya ni kuvunja mkataba, na kazi sijui kama bado ninayo. Leo asubuhi walikuwa wanasubiri mkono wangu jukwaani. Mkono uko hapa, unaandika juu ya goti, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Usidhani nimekusamehe, maana ule msamaha haukuwa wangu. Neno kabati bado linaniuma. Niliuza kitanda changu kikubwa nikanunua viwili vidogo ili Mama apate chake, kabla hata sijakuambia nataka kumchukua, na ukasema kabati. Na mimi nilisema msinitafute, na ukanisikiliza vizuri mno ukakaa na uvimbe mwaka mzima. Kwa hilo nimejikasirikia kiasi kwamba sijui nikuombe radhi kwa maneno gani. Mwenzetu angeyajua mara moja. Mimi sijui.

Wamefungua mlango mara mbili na mara zote si wewe. Mama anauliza ni saa ngapi kila baada ya muda mfupi, namwambia bado mapema, na si mapema tena.

Nimeisoma hii yote kabla ya kusaini.

Dada yako


Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani
16 Aprili

Dada,

Nimeamka tangu jana ila mkono ulikuwa na sindano. Daktari amenikataza kuongea wiki nzima kwa ajili ya koo, kwa hiyo usione nakununia hapo ulipokaa. Nanuna, lakini si kwa sababu hiyo.

Kwanza niseme nimekasirika. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nafika pale pa "haloo" nataka kukurushia bilauri. Nilijua ni wewe uliyekata. Unapumua kwa pua moja tangu utoto.

Pili, kuhusu huo mtambo wenu. Barua ya kwanza ilinipata, nakubali, nilikunywa yote. Ya pili ilipofika nikaanza kushtuka. "Umekula leo?" Tena? Dada, wewe hujawahi kuniuliza kama nimekula maisha yako yote. Wewe ulikuwa unakula cha kwangu. Na wewe huahidi haraka hivyo, ukiombwa kitu unalalamika kwanza siku mbili. Nikajiambia, hapa kuna mtu mwingine ofisini anayeandika. Msichana fulani mpole. Mashine sikuifikiria.

Ndiyo maana nikakuandikia ile ya mwisho bila Bi Povu, nikakwambia uniambie kama hukumaanisha. Nikangoja. Kimya. Jumamosi nikaitoa tena ile ya ahadi, nikafunika maneno yote kwa kiganja, nikaacha saini tu. Maneno yangeweza kuwa ya yeyote, lakini mkono ulikuwa wako. Nikakumbuka ripoti ya darasa la tano, ulipokataa kusaini mpaka nikuonyeshe kila somo, ukanipiga kwa ajili ya hesabu, halafu ukasaini, halafu muhula mzima ukanifundisha hesabu kila jioni kwa sababu ulikuwa umeshasaini. Nikasema huyu akishaweka jina lake atakuja tu, hata kama aliwekeshwa. Nikavaa viatu nikaenda kulazwa.

Kwa hiyo mashine yenu haikunidanganya sana. Nilikuwa nakutegemea wewe, na nilikuwa naogopa vibaya.

Habari ya vitanda viwili hukuniambia. Ungeniambia nisingesema kabati. Ningesema kitu kingine kibaya, lakini si kabati. Mama haendi ghorofani, hilo bado nimesimama nalo, na nikipata sauti nitakueleza kwa nini. Wewe jiandae na ya kwako. Kama kazi imekwisha, kuna sare za muhula ujao na mimi siruhusiwi kuinama. Vifungo unajua kushona. Vibaya, lakini unajua.

Naona umeshachukua kalamu na unaandika juu ya goti kabla hata sijamaliza. Subiri zamu yako.

Mama anakuuliza mbona tumekaa kimya, anasikia kalamu mbili tu zinakwaruza. Mwambie tunagombana. Atafurahi.

Pini